Kwa Tata Abibu, Aliyekufa Kila Jumapili

Mheshimiwa Bourgmestre, mkuu wa komini yetu, uliyeacha shughuli zako za Jumamosi ukaja kuketi nasi kwenye viti hivi vya plastiki. Bwana Mkurugenzi wa televisheni yetu. Imamu wetu, na wewe Mchungaji, mliokubali leo kugawana maikrofoni moja bila ugomvi. Mama Bilkisi na watu wote wa nyumba ya Tata Abibu, baba yetu tunayemuaga leo. Mama Ndaya, uliyetoka Mutshatsha tangu alfajiri. Ndugu wasanii wenzangu, wenye majina na wasio na majina. Nanyi mabibi na mabwana mliokosa nafasi humu ndani mkasimama nje ya madirisha: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Niliyemsahau anisamehe. Nimekuja kuzungumza habari za watu wanaosahauliwa, na ingekuwa aibu nianze kwa kuwasahau tena.

Kwa wageni wasionijua, naitwa Simone Ngalula. Siku za kazi ninasuka nywele katika saluni yangu kule Manika. Jumapili jioni, kwenye televisheni, mimi ndiye Kapiteni wa chombo cha angani katika mchezo wetu, "Mbali na Kolwezi", ambao tunaupiga picha palepale Kolwezi, juu ya vilima vya masalio ya madini, kwa sababu Mungu na kampuni za shaba wametupa mahali panapofanana na sayari nyingine bila sisi kulipa kitu. Chombo chetu ni mwili wa basi bovu tuliouvika karatasi za kung'aa. Bunduki yangu ni mashine ya kukaushia nywele, tuliyoipaka rangi nyeusi. Mnacheka, lakini watoto wenu wanaiogopa.

Tumekusanyika kumuaga Tata Abibu. Kaka yake mkubwa, Iddy, anaumwa kule Dilolo, na biashara ya malori ya familia inahitaji mtu. Kwa hiyo Tata Abibu anahama pamoja na mke wake, Mama Bilkisi, nasi tunabaki bila mtu wa kufa.

Maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Yeyote aliyetazama michezo ya anga, iwe ya kwetu au ya nchi za mbali, anajua desturi yake. Chombo kinatua mahali pageni. Wanashuka Kapiteni, daktari, mtaalamu wa mashine, watu wenye majina na hadithi zao. Na pamoja nao anashuka mtu mmoja usiyemjua, asiyesema neno, aliyevaa nguo ya rangi yake pekee. Je, kuna mtazamaji asiyejua nani atagusa lile jiwe linalong'aa? Kwetu, rangi yenyewe ilikuwa njano. Sisi wenye majina tulivaa kombinezoni za bluu, na wale wa kufa walivaa gilet ya njano, kile kizibao cha mafundi wa barabara, kwa sababu ndiyo iliyopatikana sokoni.

Tata Abibu hakuja kwetu kuigiza. Alikuja na lori lake kutubebea vyombo. Siku ile ya kwanza, kijana aliyepangiwa kumezwa na mchanga hakufika, na Tshiamala, mwandishi na kiongozi wa mchezo wetu, akatazama huku na huku, akamwona dereva amekaa kwenye kivuli cha tairi anakula muhogo. Akamwambia, "Tata, unaweza kuanguka?" Tata Abibu akameza, akafuta mkono, akauliza, "Kuanguka vipi? Ya mulevi ao ya muntu wa afya?"

Akaanguka. Na alipoanguka, sisi sote tukaacha tulichoshika tukamtazama, kwa maana alianguka kama mtu ambaye kweli alikuwa na mahali pengine pa kwenda siku ile.

Tangu hapo hakupumzika. Alimezwa, alichomwa, aligandishwa, aliliwa na mashine. Wiki moja tulimbandika ndevu, wiki iliyofuata tukamnyoa masharubu, ili watu wadhani ni mtu mpya. Lakini nani alidanganyika? Kolwezi nzima ilimjua. Sokoni mama mmoja wa mboga alikataa kumuuzia, akapaza sauti mbele ya watu: "Tata, wewe ulikufa jana, bitu ya kula utaipeleka wapi?" Na Mama Bilkisi, mnaweza kumuuliza mwenyewe, alizoea kupokea pole barabarani kila Jumatatu, naye akijibu kwa upole kwamba asante, marehemu ameamka salama na amekwenda kutia mafuta.

Jina lake likaacha kuwa jina, likawa mzaha. Mchezaji wa mpira anayetolewa kabla ya wenzake aliitwa Abibu. Mfanyakazi mpya ofisini, ambaye wote wanajua atafukuzwa kwanza, aliitwa Abibu. Yeye aliupokea mzaha huo kwa moyo mweupe; akisikia jina lake linatajwa hivyo, alishika kifua, akayumba hatua mbili tatu, na watu wakafurahi. Nani kati yetu angechukua kucheka kwa mji mzima bila kuota uchungu? Yeye aliweza, kwa sababu aliamini kwamba mtu anayekucheka amekuona.

Mzaha ule ukafika hata kwenye machimbo. Mnayajua machimbo yetu, hamhitaji niyaeleze. Vijana wetu, waliotoka pande zote za nchi hii, wanaingia kwenye mashimo waliyoyachimba kwa mikono yao kutafuta shaba na kobalti. Na asubuhi, baada ya mvua, kabla hawajajua kama udongo umekaa vizuri, lazima mmoja atangulie. Huyo anayetangulia, wenzake walimwita Abibu.

Msimu wa mvua wa mwaka juzi, shimo moja lilianguka. Kijana aliyekuwa ndani alikuwa mtoto wa Mama Ndaya. Jina lake sitalitaja, na punde mtaelewa kwa nini. Wenzake walisikia udongo ukiguna, wakakimbia. Asubuhi ile, alipokuwa akiingia, walikuwa wamemwambia kwa kicheko, "Haya Abibu, tangulia."

Habari hiyo ilimkuta Tata Abibu akipakia mahindi. Hakumaliza kupakia. Alinipitia saluni, uso wake umebadilika, akasema, "Mama Simone, twende ku kilio. Mi siwezi kwenda mi moya." Nikafunga saluni, nikamwacha mteja na nusu ya kichwa, naye hakulalamika. Tukaenda Mutshatsha na lori lile lile.

Tulipofika pale kilioni, watu walimtambua mara moja. Kijana mmoja akasimama kama anayetaka kutufukuza. Mama Ndaya alikuwa ameketi kwenye mkeka, akainua kichwa, akamtazama mgeni wake kwa muda mrefu.

"Wewe njo ule wa televizyo?" akauliza. "Ule anakufaka kila siku ya Mungu?"

"Njo miye, mama. Banasema ile asubuyi balimwita na jina yangu. Nimekuja unitukane."

Mheshimiwa, ndugu wageni, nilikuwa pale. Niliogopa kwa ajili yake. Na nimepewa ruhusa na mama mwenyewe kuyarudia aliyoyasema.

Alisema: "Juu ya nini nikutukane? Mutoto alikupenda. Humu mu nyumba alivaaka sufuria yangu ku kichwa, anaanguka, anasema, 'Mama, nimekufa sawa Abibu,' na sisi bote tunacheka. Juu ya ile sina kasirani. Kile kinaniumiza ni kingine. Wewe ukianguka kule, benzako banapitaka tu. Banakuruka, banaendelea na safari. Na mutoto wangu, benzake balipita vile vile. Sibalaumu, nabo ni batoto, baliogopa. Lakini ningependa kuona, hata mara moya, hata mu televizyo, muntu mumoya anasimama."

Tata Abibu akapiga magoti. "Mama, unipe jina yake," akasema. "Nitaitaja mbele ya bantu bote, jimbo nzima ya Lualaba isikie."

"Hapana," akajibu Mama Ndaya. "Ile jina ni yangu. Wewe utaje yako."

Tulirudi Kolwezi siku ileile. Kesho yake Tata Abibu alikwenda kwa Tshiamala kumwomba jambo ambalo kwa masikio yangu lilikuwa dogo: kwamba safari ijayo akifa, mmoja wetu asimame. Sasa, Tshiamala ameketi pale, anatazama viatu vyake, nami sitaki mtu amwone vibaya. Yeye ana moyo, na pia ana muda mfupi tuliopewa hewani, na tangazo la magodoro linalotaka nafasi yake. Alijibu kama kiongozi yeyote angejibu: "Tata, kama tunalilia kila muntu, tutafika siku gani? Ile nyota tunaendea iko mbali."

Tata Abibu akafikiri. Akasema, "Basi tuchelewe."

Tshiamala alicheka, akadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Jumatano tukapanda kilimani kupiga picha. Jua lilikuwa kali, nami ndani ya kombinezoni ya bluu niliiva kama kiazi. Mpango ulikuwa rahisi: tunashuka, adui anatokea nyuma ya jiwe, anamchoma mtu wa gilet ya njano kwa mwali wa moto, mtu huyo anaanguka, mimi Kapiteni namruka na kupaza sauti, "Mbele!" Kamera ikawashwa. Adui akatokea. Akafyatua. Na Tata Abibu akabaki amesimama.

"Anguka, tata!" akaita Tshiamala.

"Sianguki."

"Lakini bamekupiga!"

"Najua bamenipiga. Mi nasikia maumivu hata. Lakini nikianguka, nani atanikamata?"

Tukaanza upya. Adui akafyatua tena. Tata Abibu akashika kifua, akayumba vizuri kabisa, magoti yakalegea, na kabla ya kugusa chini akajinyoosha, akasimama wima kama mlingoti, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Tshiamala akatupa kofia chini. Akasihi, akagomba, akamkumbusha kwamba lori linamsubiri na petroli ya jenereta inakwisha. Adui wetu, ambaye kwa kweli ni fundi wa redio mwenye roho nyepesi, akauliza kama ampige kwa silaha kubwa zaidi. Mtu wa gilet ya njano hakusogea. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililotushinda. Unafanya nini na mtu anayekugomea huku anatabasamu?

Nikamtazama usoni. Nikaona jasho, na chini ya jasho nikaona kwamba yuko mbali na mchezo wetu, yuko Mutshatsha kwenye mkeka ule. Hapo nikatupa mashine yangu ya nywele mchangani, nikamwendea, nikafungua mikono.

Akaanguka.

Ndugu zangu, mtu yule amebeba magunia tangu ujana wake, na mwenyewe ni gunia. Sikumudu. Tulianguka wote wawili, kofia yangu ya Kapiteni ikabingirika hadi chini ya kilima, na nyuma ya kamera mtu akapasuka kwa kucheka. Nilidhani Tshiamala atasimamisha kazi. Badala yake akainua mkono, ishara kwamba mtu asiguse kamera. Nami, nikiwa nimekaa mchangani, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, bila neno lolote lililoandikwa, nikajikuta namuuliza swali ambalo Kapiteni hakuwahi kumuuliza mtu wa gilet ya njano:

"Unaitwa nani?"

Akajibu polepole: "Mi ni Abibu, mutoto ya Sadiki wa Kasongo, bwana ya Bilkisi. Nabebaka bantu na mizigo, Kolwezi mpaka Dilolo. Siyaacha muntu mu njia."

Akafumba macho. Nami nikalia, wala sikujua nalia kama Kapiteni au kama Simone.

Kipindi kile kilirushwa Jumapili, bila tangazo la magodoro, na hapa namshukuru Bwana Mkurugenzi aliyekwenda mwenyewe kuwaeleza wenye magodoro. Mji ulifanyaje? Wengine walicheka, ndiyo, maana tulianguka kwa namna ya kuchekesha. Wengine waliandika kwamba tumeharibu mchezo. Lakini Jumatatu, Mama Bilkisi alipopita sokoni, yule mama wa mboga hakumpa pole ya mzaha. Alimpa fungu la lengalenga, akamwambia, "Umusalimie Tata Abibu, mutoto ya Sadiki." Na tangu siku ile, yeyote anayevaa gilet ya njano katika mchezo wetu anapewa jina kabla hajashuka. Yeye mwenyewe Tata Abibu, Tshiamala aliandika kwamba alizimia tu. Wapo watazamaji waliosema haiwezekani mtu apone mwali ule. Wakazoea.

Mama Ndaya aliuona mchezo nyumbani kwa jirani yake. Nilipompigia simu kumuuliza, akasema: "Mulianguka mubaya sana." Nikasikia anacheka, kwa mara ya kwanza. "Lakini nimeona," akasema. "Nimeona."

Na kule machimboni? Sitawadanganya mbele ya viongozi wa dini. Udongo hautazami televisheni. Mashimo bado yanaanguka, na vijana bado wanaingia, kwa sababu tumbo linawaingiza. Na hilo, Mheshimiwa Bourgmestre, ni neno ambalo msusi hawezi kulimaliza, ila analiweka miguuni pako kwa heshima. Lakini kijana mmoja mchimbaji, Mechack, alikuja saluni kunyolewa, akanieleza jambo. Alisema kwamba bado wanamwita Abibu yule anayetangulia, mzaha haujafa. "Lakini sasa, Mama Simone, kuko sheria. Ukimwita muntu Abibu, ni wewe wa kubakia naye. Unakaa ku mudomo wa shimo, unamwita jina yake ya kweli, anakujibu, mpaka atoke. Haukimbie." Nikamuuliza, nani aliweka sheria hiyo? Akashangaa swali langu. "Hakuna mwenye kuiweka," akasema. "Ni kuona haya tu. Utamwitaje muntu Abibu, kisha umuache?"

Tata Abibu, hilo nilikuwa sijakuambia. Nililiweka ulisikie mbele ya watu.

Ni nani kati yetu humu ukumbini ambaye hajawahi kuvaa gilet ya njano? Nani hajawahi kuwa yule wa nyuma kwenye picha, aliyekatwa nusu ya uso? Yule aliyefika kazini mwaka mzima bila mkubwa wake kujua anaitwa nani? Na ni nani, akiwa amevaa bluu walau siku moja, hakumruka mtu kwa sababu safari ilikuwa ndefu? Tata Abibu hakutuhubiria hayo. Alikataa kuanguka, basi, na tukalazimika kutazama.

Mama Bilkisi, tunakushukuru kwa kutuazima mume wako, na tunakuomba radhi kwa mashati yote tuliyoyatoboa kwa moto. Bwana Mkurugenzi, asante kwa uvumilivu wako. Mama Ndaya, umekuja na gunia la makaa kumpa mtu huyu zawadi ya kupikia kule aendako, na sisi wote tumeliona na tumenyamaza, maana hatuna zawadi inayolifikia. Tshiamala, ndugu yangu, asante kwa kuinua mkono siku ile.

Wiki iliyopita tulipiga picha ya mwisho ya Tata Abibu. Tshiamala alimuuliza kwa heshima, "Tata, mara hii unataka kufa namna gani?" Akajibu, "Mi nataka kurudia ku nyumba." Tshiamala akakuna kichwa. Katika mchezo wetu hakuna mtu wa gilet ya njano aliyewahi kurudi nyumbani. Hatukujua hata kamera iwekwe wapi. Mwishowe chombo kikatua, mlango ukafunguliwa, akasimama mbele yangu na mfuko wake begani. Nilikuwa nimeandikiwa maneno mazuri ya Kapiteni. Yote yakanitoka. Nikamshika mkono, nikamwambia kile tunachomwambia kila mtu anayeshika barabara ya Dilolo: "Tata, uende muzuri. Ukifika, utupigie simu."

Mtaiona kesho jioni. Mtamwona anashuka, anatembea juu ya mchanga mwekundu na ile gilet yake, anakwenda, anakuwa mdogo. Nanyi mtakaa mkingoja jiwe lilipuke, au ardhi ifunguke, kwa sababu ndivyo tulivyowazoesha. Ngojeni mpendavyo. Hakuna kitakachompata. Anafika kwake, anafunguliwa mlango, anaingia.

Kwa kunitegea masikio yenu muda wote huu, nawashukuru sana.